Bizimu ya Mgongoni

Wafu wengine wakishazikwa hutulia. Mbayuwayu hakuwa wa aina hiyo. Wiki ya sita sasa tangu azikwe kwao, na bado alikuwa analala kitanda cha pili katika chumba cha bati namba tisa, kambi ya mafundi wa minara ya umeme, juu mlimani ambako hata kunguru akifika basi kapotea njia. Nanga alikitandika kitanda kile kila asubuhi. Akimaliza alikaa kwenye chake, akavaa viatu, na zilikuwepo siku alizojikuta anasema, "Haya, twende bwana," kisha anakumbuka na kubaki ameshika kamba za viatu.

Pale kambini hakuna aliyeitwa jina alilopewa na mzazi. Nanga aliitwa Nanga kwa uzito wake na kwa sababu upepo ukivuma, wenzake wakitetemeka, yeye hakutikisika. Mbayuwayu aliitwa hivyo kwa wepesi. Alipanda chuma huku anapiga mluzi, na akifika juu alikuwa anajilaza nyuma kwenye mkanda, mikono ameiachia, kama mtu aliyekaa kwenye kochi la shemeji yake. Wanaume arobaini walikuwa wanakaa pale, mke wa karibu yuko safari ya siku nzima kwa lori. Utani ulikuwa mkali, na kuta za bati, kama ujuavyo, zina masikio kuliko kuta nyingine zote.

Kazi ya minara ina sheria moja inayozizidi zote. Mkanda wa kujifungia huko juu una bizimu yake mgongoni, katikati ya mabega, mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki. Kuifungua ni rahisi: kuna kamba nyembamba kiunoni, unaivuta, inaachia. Kuifunga ndiko kunakotaka mtu: mkanda unauvaa pini imeshaingizwa ila haijafika mwisho, na kuimalizia huwezi mwenyewe. Kwa hiyo kila fundi ana mwenzake, na kila asubuhi mwenzake humtia mkono mgongoni, akaisukuma pini mpaka ikalia, kisha akaivuta mara mbili. Ni kwa mkono, si kwa macho, maana pini isiyofika mwisho huonekana sawasawa na iliyofika. Halafu nyapara hupita na daftari lake akimuuliza kila mmoja, "Nani kakufunga?" Ukishamtaja aliyekufunga, unapanda.

Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye bizimu. Usicheke. Kuna watu mapenzi yao yalianzia kwenye foleni ya maji. Mwaka wa kwanza mkono wa Nanga ulifunga ukaondoka. Mwaka wa pili ulifunga ukakaa kidogo, na Mbayuwayu akageuza shingo akamtazama, na kwenye jicho lile Nanga aliona kwamba siri aliyokuwa akiibeba peke yake tangu ujana wake kumbe ina mbebaji mwingine. Hawakusema kitu siku ile. Walikuja kusema baadaye, kwa sauti ya chini, mvua ikipiga bati, na tangu hapo miaka mitatu ikapita bila mtu kujua. Ndivyo walivyodhani.

Sasa Nanga alikuwa hapandi tena. Kila mtu mwingine alipomwekea mkono mgongoni, Nanga alisikia sauti ya marehemu sikioni, karibu kabisa, ikijibu swali la nyapara. Akavuta kamba, akauvua mkanda. Nyapara akamweka chini, kazi ya kukunja kamba.

Alikuwa anakunja kamba mchana ule lori la mahitaji lilipofika. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka mama mmoja mfupi, mkoba begani, akaanza kutembea juu ya kokoto. Nanga aliacha kamba ikamponyoka. Yule mama alikuwa anakanyaga kwa vidole kwanza, kisha kisigino, na bega la kushoto likitangulia. Mwendo ule aliujua. Aliwahi kuufuata kwa macho asubuhi nyingi mpaka chini ya mnara.

Nyapara alimpokea kwa kuvua kofia.

"Pole mama. Pole na safari, pole na msiba."

"Asante baba. Sikai sana, dereva kaniambia anageuza leo leo. Nimekuja kuchukua vitu vya mwanangu. Na nina swali."

"Uliza mama."

"Karatasi mliyoniletea inasema alijifungua mkanda mwenyewe."

Nyapara akatazama kofia yake. "Ndivyo ilivyoonekana, mama. Mkanda mzima, bizimu nzima, haijakatika popote. Na mwenzake alimfunga, niliandika mwenyewe. Sasa bizimu iliyofungwa haifunguki mpaka kamba ivutwe."

"Yaani mwanangu alijiua."

"Mimi sikuandika hivyo, mama."

"Hukuandika, lakini kule mtaani wanajua kusoma." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia yote. "Huyo mwenzake ni nani?"

Nyapara akaonyesha kwa kidevu. "Yule pale. Nanga. Ndiye pia aliyekuwa chumba kimoja naye. Atakukabidhi kila kitu."

Nanga akasogea, miguu ikiwa mizito kuliko siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe? Alikutaja sana."

Chumbani mama hakuonyeshwa pa kukaa. Alitazama vitanda viwili, akaenda moja kwa moja akakaa kwenye cha mwanawe, akapitisha kiganja juu ya shuka lililonyooshwa bila kunyanzi hata moja.

"Nani analala hapa siku hizi?"

"Hakuna, mama."

"Nani anakitandika?"

"Mimi."

"Unamtandikia nani?"

"Mazoea tu, mama."

Alimwangalia kidogo, akaacha. Nanga alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akalifungua, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukiweka kitandani: mashati matatu, redio ndogo isiyo na kifuniko, mkebe wa vifungo, picha ya mama mwenyewe akiwa amenuna mbele ya ukuta, viatu vya kutokea vilivyotiwa rangi. Kila kitu kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa. Chini kabisa kulikuwa na sweta la kijani lililochujuka viwiko. Mama akalinyanyua kwa mikono miwili, na mikono ile ikatanuka, sweta likazidi kutanuka.

"Hili si lake. Hili wanaingia wawili wa kama yeye."

"Lilikuwa langu. Nilimpa."

"Ndiyo hili alilokuja nalo likizo. Jua la kupasua vichwa, yeye kajifunika sweta barazani. Namwambia vua mtoto wewe, utaungua. Anacheka tu." Akaliweka mapajani na hakulirudisha sandukuni. "Keti, baba. Usinisimamie kama askari."

Nanga akakaa kwenye kitanda chake. Magoti yao yalikuwa karibu kugusana, kwa jinsi chumba kilivyokuwa chembamba. Mama alikuwa na macho ya mwanawe, yale yale yenye kope nzito, na Nanga hakujua ayatazame au atazame ukuta.

"Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata binti yangu," mama alianza. "Likizo ile ya mwisho nilimtafutia mchumba. Binti mzuri, mpole, wazazi wake watu wa maana. Nilipomwambia, akasema, 'Mama, nina mtu.' Nilifurahi! Karibu nipige vigelegele peke yangu jikoni. Nikamuuliza, ni binti wa nani? Kimya. Nikasema basi mlete tumwone. Akasema, 'Haletiki, mama.' Hapo nikajua ni mke wa mtu."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, nikikatishwa sitarudia. Nilimuuliza, huyo mtu ana nini hasa? Mzuri sana? Akacheka. Unajua alivyokuwa akicheka, anaanza na pua."

"Najua, mama."

"Akasema, 'Si mzuri wa kupigwa picha. Hata maneno hana. Lakini akiniwekea mkono mgongoni asubuhi, najua jioni nitarudi.' Mimi nikakasirika. Nikaona mwanangu kalogwa na mke wa watu. Nikamwambia, 'Kama huyo ndiye wako, basi siku nikifa usinizike.' Asubuhi yake akapanda gari akarudi huku. Wiki mbili, nikaletewa mwili."

Nje mtu alikuwa anagonga chuma kwa nyundo, pigo moja moja. Nanga alishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikamuuma. Alitaka kutoka. Alitaka pia yule mama arudie maneno yale, arudie tena na tena, kuhusu mkono na jioni, hata kama kila neno lilikuwa linamchoma.

"Nimekuja kwa ajili ya huyo mtu," mama alisema. "Wewe uliishi naye humu miaka yote hii. Siri ya mwanamume anaijua wa chumba kimoja. Nitajie nani."

"Unataka kumfanya nini?"

"Siendi kumtukana. Hasira zimeniisha. Nataka nimuulize kitu kimoja tu: siku ile mwanangu alimuaga? Alionyesha dalili yoyote? Kama alijirusha kwa sababu ya maneno yangu, aniambie, nijue nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu. Nitaubeba. Lakini huku kulala macho wazi nikijihukumu usiku na kujiachilia asubuhi, hapana. Hapana, baba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Sasa ujue vizuri Nanga alikuwa amesimama wapi. Angetikisa kichwa tu, aseme simjui, na lori lingeondoka na yule mama. Yeye angebaki na kazi yake, na kitanda chake, na heshima yake mbele ya wanaume arobaini ambao wangeweza kumtoa mtu roho kwa jambo dogo kuliko hili. Na mama angeshuka mlima akiamini mpaka kaburini kwamba ndiye aliyemuua mtoto wake. Uongo wa neno moja ungebaki daftarini, umekauka wino. Kwa wiki sita Nanga alikuwa amechagua hivyo kila siku, na kila siku Mbayuwayu alikuja kukaa kitanda cha pili, anangoja.

"Hakujiua, mama," alisema.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu sikumfunga."

Mama hakuelewa. Nanga akainuka, akatungua mkanda wake ukutani, akaja akapiga magoti mbele yake, bizimu viganjani.

"Tia kidole hapa, mama. Sukuma. Sukuma mpaka ilie."

"Imelia."

"Hiyo imefungwa. Sasa nairudisha nyuma kidogo. Tazama. Unaona tofauti?"

Mama akainamisha kichwa, akatazama kwa muda mrefu. "Sioni."

"Haionekani. Ndiyo maana tunaambiwa tufunge kwa mkono. Mtu akipanda na hii, anapanda salama, anafanya kazi hata kwa muda wa saa tatu. Siku hiyo alifanya saa tatu. Halafu akajilaza nyuma."

"Na wewe hukutia mkono."

"Nilitazama tu. Nikasema tayari."

"Ulikuwa umechoka? Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini, baba? Kazi ya kila siku!"

Ni rahisi kwa msimulizi kusema Nanga alieleza. Ukweli ni kwamba yalitoka vipande vipande, na vingine havikutoka kabisa. Siku moja kabla, nyuma ya magurudumu ya waya, Mbayuwayu alimwambia habari ya mchumba, akasema amekwisha kumwandikia mama yake barua, ataituma na lori, humo anasema kila kitu. Nanga akaingiwa na hofu. Akamnyang'anya barua akaichana. "Oa," alimwambia. "Oa tu, bwana. Unataka tuuawe?" Mbayuwayu hakubishana. Alitazama vile vipande vya karatasi vikipeperuka, akasema, "Kumbe wewe ni mzito mwili tu." Wakalala bila kusemezana.

Asubuhi walipojipanga chini ya mnara, Nanga aliinua mkono ili amfunge, na nia yake ilikuwa mkono ule umwombe radhi, maana mdomo haukuwa na ujuzi huo. Hapo ndipo fundi mmoja waliyemwita Domo, ambaye hajawahi kuona kimya akakiacha kipite, akapaza sauti: "Nanga! Mbona mgongo wa mwenzio huuachi siku hizi? Umedondosha sindano humo?" Watu wakacheka. Kikawa kicheko kirefu kidogo kuliko utani wenyewe, na Nanga akasikia ndani yake kwamba baadhi yao hawatanii. Mkono wake ukarudi. Akatazama bizimu, akaona iko sawa, akasema tayari.

Nyapara akafika na daftari. "Nani kakufunga?"

Mbayuwayu alijua hakuguswa. Ngozi inajua. Alikuwa na haki ya kusema bado, anifunge vizuri, na watu wangecheka tena. Akageuza shingo, akamwangalia Nanga jicho lile lile la mwaka wa pili, akatabasamu kidogo kama anayemsitiri mtu mbele ya wageni.

"Nanga," akasema, akapanda.

Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikimjibu sikioni.

"Watu walicheka," Nanga alimwambia mama, bado amepiga magoti. "Ndiyo sababu sikutia mkono."

"Walicheka nini?"

"Walisema mkono wangu unakawia mgongoni kwake."

Mama alitazama sweta mapajani mwake. Akatazama kitanda alichokalia, shuka lililonyooshwa. Kisha akautazama mkono wa Nanga, mkono mpana wenye makovu, uliokuwa bado umeshika bizimu.

"Na ulikuwa unakawia?"

"Ulikuwa unakawia, mama."

"Ee Mungu wangu." Alisema polepole sana. "Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Na mimi namtafuta mke wa mtu." Akacheka, kikawa kicheko kibaya, kikakatika. "Walipokuuliza, ulisema nini?"

"Nilisema nilimfunga."

"Kwa hiyo wakasema kajifungua mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na mimi nikajiambia ni maneno yangu."

"Sikujua kuhusu maneno yako, mama. Naapa. Lakini nilijua nimesema uongo."

Kofi likampata shavuni. Halikuwa kubwa, mkono wenyewe ulikuwa wa mtu mzima na mwembamba, lakini Nanga alilipokea kama kitu alichokuwa anakidai. Hakukinga uso. Mama akainua mkono mara ya pili, ukabaki hewani, ukashuka ukashika bega la yule mwanamume mkubwa aliyekuwa ameanza kulia bila sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa sababu kambini mtu humlilia mama yake tu, au ndugu yake, na yeye alikuwa si lolote kati ya hayo mbele ya watu.

"Nilimpenda," alisema. "Nilimpenda mama, nikaona aibu ya dakika moja."

"Nyamaza. Usiniambie mimi peke yangu. Mimi sikuandika ile karatasi." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Inuka. Twende ukaseme."

"Wataniua."

"Huenda. Mimi wangu ameshakufa."

Mafundi walikuwa wanakula chini ya paa la bati, kwenye mabenchi marefu. Walipomwona mama wa marehemu waliacha kelele, wengine wakasimama kwa adabu. Nanga alikwenda mpaka mbele ya nyapara. Alikuwa anasikia moyo wake masikioni, na katikati ya mapigo akasikia pia sauti ile nyingine, tulivu, ikimtaja jina.

"Lete daftari, mkubwa. Kuna neno nilisema la uongo."

"Neno gani?"

"Uliniuliza kama nilimfunga Mbayuwayu. Sikumfunga. Nilitazama kwa macho, sikutia mkono. Pini haikuwa imefika mwisho. Hakuvuta kamba yoyote. Alianguka kwa uzembe wangu."

Vijiko vilinyamaza. Domo ndiye aliyefungua mdomo, ingawa safari hii taratibu. "We Nanga, acha bwana. Miaka yote hujawahi kuruka bizimu. Kwa nini uiruke siku hiyo?"

"Kwa sababu ulinicheka, Domo."

"Mimi? Ulikuwa utani ule!"

"Kwako ulikuwa utani. Kwangu ulikuwa kweli. Niliogopa mtajua jinsi nilivyompenda, nikarudisha mkono."

Hapo hakukuwa na pa kujificha tena. Mtu mmoja nyuma akatema mate. Mwingine akasema neno ambalo sitaliandika. Wawili wakainuka, na Nanga akajua wanainukia nini, akaiachia mikono yake ining'inie. Lakini yule mama mfupi alisogea akasimama mbele yake, kichwa chake kikimfikia Nanga kifuani, mkoba begani, akawatazama wale wawili mmoja baada ya mwingine.

"Sina haraka," aliwaambia. "Nyie anzeni."

Wakakaa. Domo alisukuma sahani yake, akaweka uso viganjani, na hakuinua kichwa tena.

Nyapara aliandika. Aliandika polepole, kalamu ikikwaruza, akachana ukurasa akatia sahihi, akampa mama. Kisha akamgeukia Nanga, akasema bila kumwangalia usoni, "Kusanya vyako. Kazi huna. Na sitaweza kukulinda hapa mpaka kesho."

"Nimeelewa."

"Uliniletea aibu kwenye daftari, Nanga. Mwanaume mzima." Akafunga daftari. "Alikuwa fundi mzuri yule," akaongeza, akaenda zake.

Dereva alikuwa ameshawasha injini, mawingu yakishuka kileleni. Nanga alilipakia sanduku nyuma ya lori, akalifunga kwa kamba, akaivuta mara mbili. Halafu akasimama pembeni na mfuko wake mdogo, akingoja liondoke ndipo aanze kushuka kwa miguu. Mama alikuwa ameshakaa mbele, kioo kimeshushwa.

"Sanduku limekaa vizuri?"

"Limekaa, mama."

"Wewe unaelekea wapi?"

"Sijui. Kwetu habari itafika kabla yangu."

Mama akatazama mbele, barabara ya kokoto. Alikaa hivyo mpaka dereva akakohoa.

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukajidanganya kwa sababu nimekusimamia mbele ya wale. Huenda nikafa sijakusamehe."

"Sikuombi, mama."

"Lakini pale kaburini nakaa peke yangu. Dada yake anakuja dakika mbili, anaona aibu, anaondoka. Majirani ndiyo kabisa. Hakuna mtu wa kukaa naye nikasema alipenda hiki, alichukia kile, akaniambia ndiyo, ni kweli." Akafungua mlango. "Panda."

Nanga alibaki ameshika mfuko. "Watu watauliza mimi ni nani kwenu."

"Watauliza."

"Utawajibu nini, mama?"

"Sijui bado. Safari ni ndefu, nitafikiri." Akasogea karibu na dereva, akakusanya nguo zake ili apate nafasi. "Wewe njoo tu. Wakiuliza, nitakuwa nimekaa hapo hapo kando yako."